King'ora cha Saa Sita

Gaëlle alikuwa amechoka hata kabla ya kufika katikati ya soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Kitenge chake cha kijani chenye maua ya njano kilimbana kifuani, mgongoni alibeba mzigo uliofungwa vizuri, na jua la Oktoba lilimchoma utosi bila huruma. Mkokoteni wa mihogo ukamjia kwa kasi. Mwanamume mmoja mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vya ncha vimejaa vumbi jekundu, akaruka na kuushika.

"Angalia, bwana! Mama iko na mutoto ku mugongo!" Kisha akamgeukia Gaëlle. "Pole, mama. Mutoto iko nalala? Halii hata kidogo."

"Haina mutoto. Ni ordinateur."

Jamaa akaugusa mzigo: kompyuta kweli. "Sasa juu ya nini unaibeba hivi?"

"Juu benye kuiba habakamataka mutoto ya bantu."

Akacheka hadi muuza mihogo naye akacheka. Gaëlle hakucheka, ila akapunguza mwendo.

"Na iko nagonjwa nini?"

"Inachoka. Kama miye."

Jina lake Sylvain, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta katika kibanda nyuma ya soko. Aliifungua mashine, akatikisa kichwa. Ilikuwa ya mitumba kutoka Ulaya, na aliyeiuza mara ya kwanza alikuwa ameijaza programu ambazo hakuna aliyeziomba: mchezo wa karata, kinga ya virusi inayodai kulipiwa kila asubuhi, na kidirisha kinachotangaza baridi ya Bruxelles wakati Lubumbashi inatoka jasho. Siku ile aliifuta vumbi tu na kuufunga mchezo wa karata mdomo. Namba ya simu hakusahau kuomba.

Basi mapenzi yakaanza kwa simu.

"Allô, mama mutoto? Mutoto alisha kula?"

"Alisha kula, docteur. Sasa iko naniletea baridi ya Bruxelles."

"Utie jaketi, chérie. Ao nikuye nikupashe moto?"

"Ukuye na makaa, basi. Yangu ilisha kuisha."

Hapo Gaëlle alikuwa anacheka peke yake dukani kwake, kando ya soko, mbele ya mashine ya fotokopi, kama msichana. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu na ratiba za misa ya mazishi.

Lakini kuna jambo alimficha Sylvain, kwa aibu tu. Baba yake, mzee Constantin, alikuwa amefanya kazi mgodini maisha yake yote, na sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kumwacha nyumbani peke yake haikuwezekana. Kila siku alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa duka, koti la kazi la buluu limefungwa vifungo, akiamini kwamba yuko kazini. Hali chakula, hanyanyuki, mpaka king'ora cha mgodi kilie. Na king'ora hicho Gaëlle alikipata katika takataka zilezile za kwenye kompyuta: saa ya kengele yenye sauti za jogoo, za ndege, na moja ya king'ora cha kiwanda. Saa sita kamili kililia, mzee akanawa mikono na kula bukari, ugali wake. Sylvain aliambiwa tu kwamba mzee ni mgonjwa kidogo.

Siku moja mashine ikaanza kutangaza kwamba mfumo wake umezeeka na hautalindwa tena.

"Chérie, tubadilishe système," Sylvain alisema kwenye simu. "Nitafanya Dimanche, kisha misa. Na bile bintu balitiaka kule ku Ulaya, nitoshe, nifute?"

"Tosha byote. Bilisha kunichokesha."

"Byote?"

"Sylvain, byote!" Alikuwa anamkanda baba miguu, simu ameibana begani, na usingizi umemjaa machoni.

Jumatatu mashine iliwaka haraka ajabu. Bruxelles imekufa, karata zimekufa. Gaëlle alitaka kumpigia Sylvain simu ambusu kwa maneno. Saa sita ikafika, ikapita. Kimya.

"Papa, mukuye mukule."

"Poste haiyaisha," mzee akasema, akimaanisha zamu yake ya kazi. "Sireni haiyalia."

Gaëlle akajaribu kengele ya simu. Mzee akaitazama kwa dharau. "Ile ni telefone." Alasiri mvua ya kwanza ya msimu ikashuka na mzee akakataa kuingia ndani, maana mtu haachi kazi hivihivi. Gaëlle akasimama akimkinga kwa mwavuli hadi jioni, akilia waziwazi, na wateja wakaondoka mmoja mmoja. Usiku mzee alishikwa na homa.

"Unaua papa yangu!" alimfokea Sylvain kwenye simu.

"Miye? Nilifanya nini?"

Akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Gaëlle, nilikuuliza. Ulisema byote."

"Ungeuliza tena!"

"Na weye ungeniambia! Namuna gani nitajua kama papa yako anangojea sireni, kama unanificha papa mwenyewe?"

Sylvain alisema kweli, na ndiyo maana Gaëlle alikata simu na hakuipokea tena. Homa ikapungua, lakini mzee alikula vijiko vichache tu jioni, kwa kubembelezwa, na koti la buluu likaanza kumpwaya. Gaëlle alichapa ratiba za mazishi huku akiogopa ile atakayomchapia baba yake.

Ikawa siku moja, karibu na saa sita, Sylvain akatokea. Shati halikupigwa pasi.

"Ile programu ya zamani, système mupya inaikatala," alisema mlangoni. "Nilitafuta fasi yote."

"Basi unakuya kufanya nini?"

Sylvain akaelekea kwa mzee. Akazunguka nyuma ya benchi, akakusanya viganja mdomoni, akaanza kulia kama king'ora, chini kabisa, tumboni, sauti ikapanda taratibu, ikapanda, ikasimama juu ya paa za soko na kutetemeka. Muuza mihogo akaacha kazi. Mishipa ya shingo ya Sylvain ilikuwa imetutumka na machozi yanamtoka kwa kukosa pumzi.

Mzee Constantin akainua kichwa. Akasimama, akafungua kifungo cha juu.

"Poste inaisha," akasema, akaenda kunawa mikono.

Alikula bukari na samaki mpaka sahani ikang'aa, kisha akaomba nyingine. Sylvain aliketi kando yake, sauti imemkauka.

"Weye njo muntu ya sireni?" mzee aliuliza.

"Ni miye, papa."

"Asubui hatukusikiaka. Nabakiaka tu ku kitanda."

Ni kweli, kila asubuhi ilikuwa vita kumwamsha. Sylvain akamtazama Gaëlle.

"Asubui ni mbali, papa. Nakaaka kule ku mutaa ya Hewa Bora."

"Muntu ya sireni anakaaka karibu na kazi," mzee akasema, akitoa mwiba mdomoni.

"Papa!"

"Gaëlle," Sylvain akasema polepole, "nitume bazee yangu kwenu?"

Gaëlle hakuwa na nguvu ya kuringa. "Ukuye kesho saa sita. Na kesho kutwa."

"Na kisha?"

"Kisha, ubatume."

Akalaza kichwa juu ya kompyuta, mikono imeanguka. Kabla wanaume wale hawajamaliza kugombea mkia wa samaki, alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, duka wazi.