Oveni Iliyotekenya Watu

Kila jioni Deodatha alipotoka shule pale Kihanga, alifanya mambo yale yale. Alinawa miguu kwenye beseni, alivua sare na kuitundika, alimsalimia Bibi Kyarimpa aliyekuwa akimenya ndizi za jioni, kisha alikwenda kuangalia jiko jipya limefikia wapi.

Jiko la zamani lilikuwa kibanda cha nje, kuta zake nyeusi kama sufuria ya maharage. Mwaka huu dada yake mkubwa, anayefanya kazi Mwanza, alileta oveni ya umeme, ile ya kuingizwa ukutani. Ndipo Mama Deodatha akasema basi na jiko liingie ndani ya nyumba. Chumba cha kuhifadhia kahawa kikasafishwa, sakafu ikapigwa sementi, na seremala akatengeneza kabati lenye tundu kubwa la kukaa oveni.

Fundi wa umeme alikuwa dada mmoja anayeitwa Vero, mwenye ovaroli ya bluu na penseli nyuma ya sikio. Deodatha alipenda kumtazama akifanya kazi. Siku moja Vero alipitisha waya tatu ndani ya bomba la ukutani. Moja ilikuwa nyekundu, moja nyeusi, na ya tatu ilikuwa ya kijani yenye mistari ya njano.

"Dada Vero, hii nzuri ni ya nini?" Deodatha aliuliza.

"Hiyo inakwenda mpaka kwenye nondo ya shaba niliyopigilia ardhini, pale nje Bibi anapomwaga maji ya vyombo. Hizi mbili ndizo zinazobeba umeme. Hiyo ya kijani, kama nyumba haina tatizo, haibebi kitu."

Haibebi kitu. Deodatha aliyashika maneno hayo na kwenda nayo kulala. Kijani na njano ndizo rangi za timu yao ya mpira wa pete, na Jumatatu walikuwa na mechi. Kesho yake, Deodatha aliporudi nyumbani kwa chakula cha mchana na Vero naye amekwenda kula, aliivuta ile waya. Ilikuwa bado haijafungwa upande wowote, kwa hiyo ilitoka yote, ndefu na laini, kama utumbo wa kuku. Aliikata kwa mkasi wa Bibi, akasuka bangili za wachezaji wote saba. Rafiki yake Ainembabazi alivaa yake akasema hataivua hata siku ya harusi.

Mchana huohuo Vero aliitwa haraka kwenda kumalizia kazi Kaisho. Alipokuwa akipanda pikipiki alisema, "Msiunganishe oveni wala msiiwashe mpaka nirudi kupima." Baba Deodatha, mzee Jovitus, aliitikia kwa kichwa.

Lakini Mama alikuwa amewaahidi wanakwaya keki za Jumapili, na Jumamosi asubuhi Vero alikuwa hajarudi. Jovitus alitoka kukamua ng'ombe, akaingia jikoni na gambuti zake miguuni, akachungulia nyuma ya oveni.

"Mbona kazi ndogo," alisema. "Waya ni mbili."

"Na hiyo skrubu ya tatu isiyo na kitu?" Mama aliuliza.

"Ya akiba hiyo. Redio ya marehemu baba ilikuwa na waya mbili, na iliimba mpaka ikachoka yenyewe."

Akaunganisha, akaisukuma oveni kwenye tundu lake. Ilikataa kidogo, akaisukuma kwa goti, ikaingia. Akawasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka, na Jovitus akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Mama alipiga deki, akashika mpini wa oveni. Alikuwa pekupeku, na sakafu ilikuwa bado na maji.

"Jovitus, kitu hiki kimenitekenya."

"Kimekutekenya vipi? Kina vidole?" Jovitus aliweka kiganja chote juu ya oveni. "Mimi mbona sisikii kitu? Ni wasiwasi wako tu, umezoea kuni."

"Vua gambuti, ndipo ushike."

Jovitus alivua moja, kisha ya pili, akakanyaga sakafu, akagusa mpini kwa kidole kimoja. Aliruka nyuma na kujikuna kiwiko kama mtu aliyeingiwa na siafu.

"Ni kidogo," alisema. "Inasalimia tu."

Basi Jovitus akatoa sheria mpya ya nyumba: anayepika avae gambuti. Mama alizivaa. Zilikuwa kubwa, zilinuka zizi, na kila akipiga hatua zilisema pwata, pwata. Mama Niyonkuru wa kwaya alipopita kuulizia keki, alisimama mlangoni akamtazama toka kilemba hadi miguu.

"Mama Deodatha, waitu, ndugu yangu, humu ndani kunanyesha?"

"Ni za oveni," Mama alijibu, akiendelea kukoroga mayai.

"Za oveni," Mama Niyonkuru alirudia taratibu, akaondoka akiwa na la kuwasimulia wenzake.

Watu wote walicheka isipokuwa Deodatha. Alikuwa ameiona ile skrubu ya tatu isiyo na kitu, na alijua kilichopaswa kuwepo pale kilikuwa wapi. Kipande kimoja kilikuwa mkononi mwake, chini ya mkono wa sweta. Alitaka kusema. Akafikiri jinsi atakavyowavua wenzake bangili kabla ya mechi. Nitasema Jumatatu jioni, alijiambia.

Keki iliingia ndani ya oveni. Baba alirudi zizini na gambuti zake. Mama akatoka kuchuma nyanya, akimwachia Deodatha kazi ya kuangalia asiingie mtu. Bibi Kyarimpa alikuwa nje akiosha ndizi, na hakuna aliyekumbuka kumweleza ile sheria. Bibi hajawahi kupenda viatu. Harufu ya keki ikamfikia, akadhani inaungua, akaingia na miguu yake mitupu, maji yakimchuruzika kutoka viganjani, akaunyoosha mkono kwenye mpini.

"Bibi, usiguse!"

Bibi alisimama. Deodatha alikwishapanda juu ya kigoda na kuzima swichi kuu. Kisha akakaa juu ya kigoda hichohicho, akavua bangili, akaiweka miguuni kwa Bibi na kueleza yote, maneno yakigombana na kwikwi. Mama aliyekuwa amerudi mbio aliyasikia. Keki nayo ilinywea pole pole ikawa bapa kama chapati.

Jovitus alipoelezwa alianza kufoka. "Umeiba waya ya nyumba! Ungetuulia mama yangu!"

"Na wewe uliyeambiwa usiunganishe?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

Jovitus akakumbuka kwamba hajafunga ndama.

Vero alirudi alasiri. Aliigeuzageuza ile bangili. "Umesuka vizuri," alisema, "lakini waya hii siwezi kuiunga vipande vipande. Lazima mpya." Alipitisha waya nyingine, akaifunga kwenye nondo na kwenye swichi kuu, na mwisho kwenye skrubu ya tatu, Deodatha akimshikia tochi. Kisha akawaambia wote wasimame mbali, akawasha. Tap. Swichi kuu ikajizima yenyewe.

"Sasa umeiharibu kabisa," Jovitus alisema.

"Hapana, mzee. Ndiyo kwanza imepata akili. Kuna mahali umeme unavuja, na hii waya imeushika ikaupeleka ardhini, swichi ikajikata. Bila hii, njia ya umeme kwenda ardhini ni mtu. Na gambuti, siku ikitoboka, haikupi taarifa."

Aliivuta oveni kutoka kwenye tundu. Nyuma yake kebo ilikuwa imebanwa na ubao, pale Jovitus aliposukuma kwa goti, ganda lake likapasuka na shaba kugusa bati la oveni. Vero alibadilisha kebo, akapima kila mahali, akawasha tena. Swichi haikujizima. Akapima mpini kwa kifaa chake, kisha akaugusa mwenyewe.

Keki ya pili ilipoumuka vizuri, Bibi Kyarimpa alimwita Deodatha, akamwita na mwanawe Jovitus, akawaketisha pamoja kwenye mkeka.

"Nyinyi wawili kosa lenu ni moja," alisema. "Mmekuta kitu hamjui kazi yake, mkaamua hakina kazi. Mmoja akakikata, mwingine akakiita cha akiba. Usichokijua, uliza mwenye kujua, na akikwambia subiri, subiri. Na wewe mjukuu wangu, umeniokoa, tena ukasema ukweli, nakushukuru. Lakini ukweli huo ulikuwa nao toka asubuhi. Kosa la umeme halingojei mechi iishe. Ukiona umekosea, sema saa ileile, hata kama utachekwa. Mmenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi," Deodatha alijibu.

Bibi hakuondoa macho. Jovitus alitazama dari, akatazama mlango, akakohoa kidogo.

"Nimeelewa, Mama," alisema.