Sajini Asiyegeuka

Siku ile mjinga alikuwa Sajini mwenyewe, na nishani ya ushujaa ilikuwa kifuani pake ikishuhudia.

Gari lilikufa saa nne asubuhi katikati ya jangwa, rejeta imepasuka. Dereva, mama wa makamo mwenye mikono ya kifundi, alitikisa dumu la maji. Lita mbili, labda.

"Kile kisima tulichokipita kiko nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Turudi."

"Barabara kuu iko mbele."

"Umbali gani?"

"Mbele."

Vitani Sajini alishikilia daraja siku mbili bila kurudi nyuma hata hatua moja, ndipo akavishwa nishani. Na huko mbele alikuwako mkewe, hawajaonana miaka sita. Barua yake ya mwisho ilikuwa mfukoni, imechanika kwenye mikunjo: mlango wa jikoni bado unakwama, njoo uusukume kwa bega. Sajini alitaka bega lile lipate kazi leo leo.

"Haya, shujaa," Dereva alisema. "Nikifa nitakusumbua ndotoni."

Wakatembea. Mchanga uliunguza hadi ndani ya viatu. Saa saba dumu lilikuwa tupu, na barabara haikuonekana. Sajini aliukodolea macho upeo mweupe. Akasikia kabisa harufu ya sabuni ya mkewe, akanyanyua mguu kuifuata. Nyuma yake kitu kikaanguka. Dereva alikuwa amepiga magoti, midomo imepasuka inatoka damu.

Sajini aliurudisha mguu chini.

"Nyuma, geuka!" aliamuru, sauti ikikwaruza.

"Ungesema asubuhi," Dereva alinong'ona, "ningekupa nishani ya pili."

Sajini alimkokota, wakaanguka, wakainuka. Jua lilipozama walikifikia kisima wakitambaa, na wachunga ngamia wakawadondoshea maji mdomoni, tone kwa tone.

Kesho yake lori la chumvi liliwafikisha nyumbani kwa Sajini. Mkewe aliufungua mlango wa jikoni mwenyewe, kwa bega, kama alivyozoea. Alimsikiliza Dereva hadi mwisho, kisha akamtazama mumewe.

"Nilikuwa nakukimbilia wewe!" Sajini alijitetea. "Halafu mtu kama mimi hageuki ovyo. Unadhani hii walinipa ya nini?" Akaigonga nishani kwa kidole.

Mkewe alimsukumia kikombe cha maji.

"Wao wamekuvisha hiyo kwa kutogeuka. Mimi miaka sita naomba ugeuke tu. Kunywa."