Waya wa Kipaza Sauti

Kila siku baada ya masomo, Shamsia alichelewa kutoka darasani. Wenzake wa darasa la sita waliondoka kwa makundi, wakiteremka kilima huku wakiongea Kiha, lugha ya wenyeji, kwa haraka, na vicheko vyao vilisikika mpaka walipopita shamba la maharage la shule. Yeye alipanga madaftari yake polepole, kana kwamba kazi hiyo ilihitaji uangalifu mkubwa. Hakuwa na wa kuongozana naye, na nyumbani hakukuwa na mtu. Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa muuguzi wa hospitali ya Kibondo, na mara nyingi zamu yake iliisha jioni.

Walikuwa wamehamia Kibondo mwaka 1975 wakitokea Muheza, mama alipopata uhamisho wa kikazi. Baba yake, Bwana Athuman, alikuwa bwana shamba, naye akapangiwa Kasulu. Kwenye ramani ya darasani miji hiyo miwili ilikuwa karibu sana kiasi kwamba Shamsia aliweza kuifunika yote kwa kidole gumba. Lakini mvua zikianza barabara iligeuka tope, malori yakakwama, na barua ya baba ikachukua wiki mbili au tatu kufika. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwona mara mbili tu.

Shuleni hakuna aliyemwonea. Walimu walikisifu Kiswahili chake, na pengine hilo ndilo lililomtenga zaidi, kwa sababu alipofungua mdomo wenzake walinyamaza kumsikiliza, kisha wakarudi kwenye Kiha chao. Msichana mmoja tu, Generosa, ndiye aliyejaribu kumkaribia. Kila asubuhi alimsalimu kwa Kiha, "mwakeye", na kumsubiri aitikie sawasawa, na mara nyingine alimmegea kiazi cha kuchemsha. Shamsia aliitikia kwa aibu, akala kiazi, asijue aongeze neno gani.

Jumamosi moja, wanafunzi wakiwa shambani kupalilia, Shamsia alitumwa kuchukua jembe stoo. Alipokaribia mlango alisikia sauti ya mtu ikikwaruza kwa mbali, ikitaja Kasulu. Alisimama palepale. Ndani, Mwalimu Tharsisi, aliyefundisha sayansi, alikuwa ameinamia sanduku la bati lenye vitufe viwili vya kuzungusha na spika ndogo, limeungwa kwenye betri ya gari. Mwalimu hakumfukuza. Alimweleza kwamba ile ilikuwa redio ya kupokea na kurusha, ambayo aliiunga kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuja kwa posta ikiwa vipande vitupu, pamoja na karatasi ya michoro, na kazi ya kuiunga ilimchukua miezi saba. Alikuwa na leseni ya serikali ya kuzungumza hewani. Kila Jumamosi saa nne alisalimiana na rafiki yake Isihaka, fundi wa redio mjini Kasulu.

Tangu siku hiyo Shamsia alikuwa na mahali pa kwenda baada ya masomo. Mwalimu alimpa daftari la redio, akamwagiza aandike saa, hali ya hewa, namna sauti ilivyosikika, na hitilafu iliyotokea. Alimfundisha pia jinsi ya kutafuta ubovu. Unaanza na betri, kisha antena, kisha kipaza sauti, ndipo unafungua sanduku lenyewe. Unagusa kitu kimoja, unajaribu, unaandika. Ukigusa viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Shamsia aliandika kwa hati nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu aje Kibondo aliona kuna mtu anayemtegemea.

Mwezi wa tatu iliingia barua kutoka kwa baba. Alikuwa amechaguliwa kwenda Morogoro kwa mafunzo ya miezi kumi, na hangeweza kupita Kibondo kuaga, kwani gari la ofisi lingempeleka moja kwa moja Kigoma kupanda treni. Shamsia alimwonyesha Mwalimu Tharsisi barua hiyo. Mwalimu aliisoma mara mbili. Jumamosi iliyofuata aliongea na Isihaka, wakakubaliana: siku ya safari, kabla gari halijaondoka, Bwana Athuman angefika dukani kwa fundi asalimiane na mwanawe.

Ijumaa, siku moja kabla ya siku hiyo, Shamsia aliomba ufunguo wa stoo ili afute vumbi mezani. Alifuta. Kisha alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akachukua kipaza sauti, akakisogeza mdomoni. Redio ilikuwa imezimwa. Alitaka tu kujaribu maneno yake. "Baba, shikamoo. Ni mimi Shamsia." Alijiona mjinga, akarudia kwa sauti ya chini zaidi. Mara akasikia nyayo nje. Alishtuka, kipaza sauti kikamponyoka, kikaanguka pembeni mwa meza na kubaki kinaning'inia kwa waya wake. Alipokinyanyua aliona waya umechomoka kidogo kwenye plagi. Aliusukuma ndani kwa kucha, akakaza kifuniko, akakirudisha mahali pake. Kwa macho kilionekana kizima kabisa. Nyayo zilikuwa za Generosa, aliyekuwa na zamu ya kufagia. Shamsia alimkabidhi ufunguo na kuondoka haraka.

Jumamosi saa nne kasoro alikuwa stooni, amevaa gauni lake la sikukuu. Mama alikuwa zamu, ila alikuwa amempa salamu nyingi za kufikisha. Mwalimu aliwasha redio, akabonyeza kitufe cha kurushia sauti, akaita Kasulu, akakiachia. Isihaka alijibu mara moja.

"Kibondo, nausikia mvumo wenu unakuja vizuri, lakini hakuna sauti ndani yake. Kama mnanisikia, bonyezeni kitufe mara moja."

Mwalimu alibonyeza mara moja. Isihaka akasema Bwana Athuman ameshafika, na gari linamsubiri nje. Mwalimu alipima betri kwa kipimo chake, ikawa na nguvu. Alitoka kuutazama waya wa antena juu ya miti miwili, ukawa salama. Aliporudi alimgeukia Shamsia.

"Kipaza sauti kimeguswa na mtu tangu Jumamosi iliyopita?"

Shamsia aliitazama plagi. Aliona jinsi Mwalimu atakavyobadilika uso, na ufunguo ambao hatapewa tena.

"Hapana, Mwalimu. Mimi nilifuta meza tu."

Mwalimu alimwamini. Aliruka hatua hiyo, akaanza kufungua skrubu za sanduku. Mikono yake ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Aliuliza nani mwingine aliyeingia jana, na mtoto mmoja aliyekuwa dirishani akamtaja Generosa. Aliitwa kutoka shambani, akaja na tope miguuni. Alieleza kwamba alifagia, akafunga mlango, akarudisha ufunguo ofisini. Mwalimu hakumgombeza, lakini alimwambia kuanzia leo asiingie tena stoo mpaka ijulikane kimetokea nini. Generosa alimtazama Shamsia, kana kwamba anangoja aseme kitu. Shamsia aliinamia daftari.

Ndipo spika ikatoa sauti nyingine, nzito, aliyoijua.

"Shamsia mwanangu. Fundi ananiambia unanisikia, ila huwezi kunijibu. Tufanye hivi. Ndiyo ni mara moja, hapana ni mara mbili. Unanisikia?"

Mwalimu alimsogezea kitufe. Shamsia alibonyeza mara moja.

"Alhamdulillahi. Mama yako mzima?"

Mara moja.

"Unasoma kwa bidii?"

Mara moja. Machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakuyafuta.

"Na je, huko umeshapata rafiki?"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kupitia dirishani alimwona Generosa akirudi shambani peke yake, jembe begani, bila kugeuka nyuma. Shamsia hakubonyeza mara moja wala mara mbili. Spika ilikwaruza. Baba aliuliza tena, akangoja. Kisha kwa mbali ikasikika honi ya gari, na baba akasema basi, ataandika barua akifika, amsaidie mama, amtii Mwalimu. Baada ya hapo alirudi Isihaka, akasema mgeni wake ameondoka.

Jumapili Shamsia alishinda kitandani, uso ukutani. Mama alidhani ni kwa ajili ya safari ya baba, akampikia maharage ya mawese anayoyapenda, naye hakuweza kuyamaliza. Kilichomuuma ni kwamba baba alikuwa amesafiri akiubeba ukimya wa binti yake. Alijua ni nani aliyeusababisha.

Jumatatu asubuhi alipita karibu na Generosa getini. Hakukuwa na "mwakeye". Generosa alikuwa na wenzake, na wote walikaa kimya mpaka alipopita. Kimya cha siku zote alikuwa amekizoea, lakini hiki kilikuwa na sababu.

Baada ya masomo alikwenda stoo. Mezani, juu ya gazeti, vilikuwa vimepangwa vipande vya redio, vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na karatasi yake ya namba. Mwalimu Tharsisi alikuwa amekesha navyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia kwamba amepima vipande kumi na vinne na vyote ni vizima, na kwamba kesho atalazimika kuandika barua Dar es Salaam kuagiza vingine, maana hajui tena atafute wapi.

"Mwalimu, usiandike," Shamsia alisema. "Ubovu uko kwenye plagi ya kipaza sauti. Nilikiangusha mimi Ijumaa. Generosa hakugusa kitu."

Alieleza yote akiwa amesimama, tangu alipokaa kwenye kiti mpaka alipousukuma waya kwa kucha. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, Mwalimu alivitazama vile vipande kumi na vinne. Kisha alimpa bisibisi, akamwambia afungue plagi mwenyewe. Kifuniko kilipotoka, waya ulidondoka nje bila kuvutwa. Mwalimu alipasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, akayeyusha tone moja la risasi ya kulehemia, akaushikiza waya mahali pake. Kazi yote haikufika dakika kumi.

"Sasa iko kazi ya kurudisha vile nilivyovitoa," alisema. "Hiyo ni ya wiki nzima. Na iko kazi nyingine ambayo mimi siwezi kukusaidia."

Shamsia alielewa. Kesho yake, kabla kengele ya mstari haijagongwa, alimwendea Generosa mbele ya wenzake. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeharibu redio, kwamba alidanganya, na kwamba alimwacha alaumiwe hali anajua ukweli. Akaomba radhi. Wengine waliguna. Generosa alizungusha ufagio mkononi.

"Jumamosi nilikungoja useme," alijibu. "Nilikungoja mpaka nikafika shambani."

Siku hiyo na iliyofuata hakumsalimu. Shamsia hakumlazimisha. Kila mchana alikwenda stoo, akamsomea Mwalimu namba za vipande, na Mwalimu akavirudisha kimoja kimoja. Alhamisi Mwalimu alihitaji mtu wa pili wa kushika kamba ya antena wakati anaikaza upya, akatuma mtoto amwite Generosa. Alimwomba radhi mbele ya Shamsia kwa kumshuku bila ushahidi, jambo ambalo Shamsia hakuwahi kuona mwalimu akilifanya. Generosa alishika kamba. Baada ya kitambo alimwuliza Shamsia kile kidude chekundu kina kazi gani, na Shamsia akamweleza. Jioni waliteremka kilima pamoja, wakiwa wameachana hatua mbili tatu.

Jumamosi saa nne Mwalimu aliwaita wote wawili. Aliita Kasulu, na Isihaka akajibu kwamba sasa sauti inafika safi kana kwamba wako chumba kimoja. Mwalimu alimpa Shamsia kipaza sauti. Hakuwa tena na wa kumsalimia Kasulu isipokuwa fundi, ambaye hakuwahi kumwona. Alimsalimu shikamoo, akauliza kama baba alisema lolote alipokuwa anaondoka. Isihaka alisita kidogo, kisha akasema Bwana Athuman aliuliza mara mbili kama redio inaweza kupona, na alipotoka alikuwa anafuta miwani yake. Shamsia alishukuru, akakirudisha kipaza sauti mezani kwa mikono miwili.

Mwalimu Tharsisi alizima redio, akawaambia wakae.

"Nataka mnisikilize vizuri," alisema. "Kuangusha kitu si dhambi. Mimi wakati naiunga redio hii niliunguza vipande vitatu. Shamsia, ungeniambia Jumamosi ile, dakika kumi zingetosha, na baba yako angekusikia. Badala yake nilifuata neno lako, nikafungua vitu vizima nikidhani ni vibovu, na nikamfukuza mtu asiye na kosa. Hivyo ndivyo uongo unavyofanya kazi. Anayeuamini anakwenda kutafuta mahali pasipo na ubovu, na kule anakotafuta anaharibu. Kosa ukilisema siku ileile, linatengenezwa palepale lilipo. Ukilificha, linalipwa na watu wengine."

Alifungua daftari la redio kwenye ukurasa wa Jumamosi iliyopita. Mbele ya neno "hitilafu" palikuwa hapajajazwa kitu. Alimpa Shamsia kalamu, naye akaandika kwa hati yake nzuri: waya wa kipaza sauti ulichomoka Ijumaa, kipaza sauti kiliangushwa na Shamsia Athuman, ubovu ukafichwa siku tatu. Generosa alisoma juu ya bega lake mpaka mwisho, kisha akavuta kiti chake karibu.