Kidole Ndani ya Jeraha

Majeruhi wa kwanza aliletwa kisu kikiwa bado ubavuni, na hilo halikumshangaza mtu. Kitengo cha dharura kilizoea visu kama ofisi nyingine zilivyozoea barua. Ajabu ilianza na waliofuata. Kila mmoja alikuwa na jeraha lilelile, chini ya mbavu za kushoto, upana uleule, na shati lake halikuwa na tundu.

Uongozi wa hospitali ukaketi, ukanywa chai, ukatoa maelezo: wahuni wa siku hizi humwinulia mtu shati kwanza. Suala likafungwa.

Sista wa zamu hakuamini, ila hakuajiriwa kuamini. Kisha mchana mmoja machela ikaingia na mdogo wake juu yake, huyu aliyemlea tangu mama yao afariki. Shati jeupe lilikuwa zima. Chini yake damu iliruka kwa mapigo.

"Nilikuwa nanyolewa, dada," alinong'ona. "Hakuna aliyenigusa."

"Nyamaza. Maneno utayatoa ukipona."

Akavaa glavu, akazamisha kidole mpaka kikakuta mshipa uliopasuka, akaukandamiza. Ndivyo walivyofundishwa: kidole kisitoke mpaka mgonjwa afike chumba cha upasuaji. Damu ikakoma.

Lakini mle ndani kulikuwa na baridi. Ikapanda harufu ya udi na chuma kilichochemshwa. Halafu kitu kikamshika kidole, taratibu, kama mtoto mchanga anavyoshika cha mama yake.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "nimeshikwa."

Daktari wa upasuaji, ambaye wauguzi walimwita Bwana Utaratibu, hakuinua macho. "Ni misuli inakaza, Sista."

"Misuli haina kucha, daktari."

Akaja, akauvuta mkono wa Sista kidogo tu. Kijana akapiga yowe, damu ikaruka mpaka ukutani. Daktari akauachia upesi. "Hili halimo kwenye mwongozo," akasema.

Sista akabaki ameinama, mgongo ukimuuma, jasho likimwingia machoni asiweze kulipangusa, akijua kwamba akikichomoa kidole mdogo wake atakufa mbele yake, na akikiacha, kile kinachomshika kitazidi kupanda, maana kilishafika kwenye fundo la pili la kidole na hakikuonyesha haraka yoyote.

"Mwiteni mjomba," akanong'ona.

Mjomba wao alikuwa mganga, na mlinzi akamzuia getini kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imepita. Bwana Utaratibu akashuka mwenyewe, akamwandikisha kuwa daktari bingwa mgeni. Utaratibu ukaridhika.

Mjomba akainamia jeraha. "Uliyemo humo, hodi."

Midomo ya kijana haikucheza. Sauti ilitoka ubavuni. "Hodi ilishapigwa. Kwa kidole."

"Una kisa gani na watoto wa watu?"

"Nilikaa kwenye kisu. Mkakichomoa kwa yule wa kwanza, mkakichemsha na makasi yenu. Nani atalala nyumba inayotokota? Natafuta tundu la upana wangu."

"Hizi ni mbavu za mtu. Toka."

"Nitatoka. Moyo wake una kelele. Ila mkono niliopewa sirudishi."

Mjomba akamgeukia Sista. "Mwanangu, usijibu kwa pupa. Hawa hawachukui kidogo."

Midomo ya mdogo wake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Shika," akasema Sista. "Yeye umwache."

Kidole kikatoka, kizima. Damu haikurudi. Daktari akashona, na tangu siku ile majeraha ya namna hiyo hayakuletwa tena. Uongozi ukajipongeza.

Kijana akapona, akapata kazi mji mwingine. Sista akamsindikiza kituo cha mabasi, akamkumbatia, akamwambia ale vizuri. Hakumwambia kwamba kidole bado kilikuwa kimebanwa, kana kwamba kingali ubavuni mwake, na kwamba kilikazwa kila kijana alipovuta pumzi.

Basi likaondoka. Kidole kikavutwa, kikauvuta mkono wote ukanyooka mbele yake kama wa kipofu, nao ukageuka polepole kulifuata basi likikata kona, huku watu wakimtazama. Akapiga kelele aachiwe, na miguu yake ikaanza kutembea.