Maji ya Wageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuteka maji kwenye bomba la mtaa na kujaza pipa la jikoni. Ya pili hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe: kukusanya habari zote za foleni ya maji na kuzifikisha nyumbani zikiwa bado moto. Nani kagombana na nani, nani kanunua redio mpya, paka wa nani kazaa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, na jina lake halisi likabaki kwa walimu tu.

"Mwanangu, mdomo wako hauna mlango," mama yake alimwambia asubuhi moja bila kuinua macho. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. "Haya, tua ndoo ukamwangalie mdogo wako. Tumbo limeanza tena."

Kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikunja, mikono tumboni. Kila alipopelekwa zahanati alipewa dawa, akapona, akacheza siku chache, kisha akaugua tena. Watoto wengi wa mtaa ule walikuwa hivyo hivyo. Wengine walisema ni meno, wengine walisema ni jua, wengine wakalaumu matunda mabichi. Kila mtu mzima alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Ijumaa mchana Dada, kifungua mimba wa Mama, alifika kutoka chuo kikuu. Alisomea sayansi ya viumbe hai, na safari hii alikuja na sanduku la plastiki lenye barafu na chupa ndogo ndogo zilizofungwa vizuri. Aliongozana na mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu aliyesomea mambo ya jamii, yaani namna watu wanavyoishi na wanavyoamua mambo yao. Kabla kijana huyo hajamaliza kikombe cha chai, alikuwa ameshamuuliza Mama kuhusu cherehani, kuhusu wateja wasumbufu, na kuhusu siku aliyojifunza kushona. Chiriku akambatiza Bwana Maswali papo hapo, na jina likamkaa.

"Tunafanya utafiti wa pamoja katika mitaa mitatu," Dada alieleza. "Mimi napima maji ya kunywa yaliyomo ndani ya nyumba, nione kama yana vijidudu. Yeye anawauliza wenye nyumba wanayatunzaje. Nikiwa peke yangu nitajua maji yakoje, lakini sitajua kwa nini."

"Na mimi nikiwa peke yangu," Bwana Maswali akadakia, "nitajua watu wanasema nini, lakini maji yenyewe sitayajua."

"Na kwetu mtapima?" Chiriku aliuliza.

"Kwetu hapana. Watu watasema nimependelea. Ila wewe nina kazi yako, mdogo wangu. Mtafiti haingii nyumba ya mtu bila ruhusa, na wewe unajua kila mlango wa mtaa huu. Pita leo, uwaombe ruhusa, uwaambie tunakuja kesho."

Chiriku nusura apae kwa furaha. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa anyamaze, na leo msomi wa chuo kikuu anamtuma akaongee!

Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Chiriku aliomba ruhusa, hilo ni kweli. Lakini alikuwa ameshajiaminisha kwamba utafiti ni kama mtihani: mitaa mitatu inashindana, mmoja utaongoza na mmoja utashika mkia. Mtaa wake kushika mkia? Thubutu!

"Mama Pacha, tafadhali msituaibishe," alimwambia jirani yao, mama wa watoto mapacha. "Watu wa chuo wanakuja. Sugua mitungi, chemsha maji. Na wakikuuliza, sema hivi: tunachemsha maji mpaka yatokote, tunayachuja kwa kitambaa safi, na tunayahifadhi katika chombo chenye mfuniko."

Maneno hayo aliyatoa kwenye kitabu chake cha sayansi. Aliyapeleka mlango kwa mlango, na kila mtu alimrudishia kwa sauti mpaka aridhike. Mzee fundi viatu wa kwenye kona, aliyeishi peke yake na kusahau mambo upesi, alirudishwa mara kadhaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi mtaa uling'aa. Vizingiti vimefagiliwa, mitungi imesuguliwa. Mama Pacha alitoka na bilauri ya kioo juu ya sinia, na sinia limetandikwa kitambaa cha kudarizi.

"Haya ndiyo maji mnayokunywa?" Dada aliuliza.

"Ndiyo hayo, mwanangu. Karibuni sana."

Dada akajaza chupa yake. Bwana Maswali akauliza yake, naye Mama Pacha akajibu bila kupumua: maji yanatokota, yanachujwa, yanafunikwa. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu vilevile. Walipofika kwa fundi viatu, mzee alisimama wima, nyundo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tunachemsha maji mpaka yatokote," alianza kabla hajaulizwa, kisha akakwama. Akamtazama Chiriku. Chiriku, aliyesimama nyuma ya Dada, akachezesha midomo kumsaidia. "Tunayachuja! Kwa kitambaa safi!"

"Unaishi na nani hapa, mzee wangu?" Bwana Maswali aliuliza kwa upole.

"Peke yangu."

"Sasa hao mnaochemsha nao ni akina nani?"

"Aa, ni mimi na… ni mimi," mzee alisema, akajifanya anatafuta msumari.

Bwana Maswali alitabasamu, akaandika.

Jumatatu, Chiriku aliporudi kutoka shule, aliwakuta Dada na Bwana Maswali sebuleni, simu iko mezani katikati yao. Dada alimwonyesha picha za sahani ndogo za maabara. Maji yenye vijidudu yakiwekwa humo na kuachwa mahali pa joto, alieleza, huota madoa. Sahani za mitaa mingine zilikuwa na madoa tele. Za mtaa wao zilikuwa safi kabisa, hata doa la kuzugia hakuna.

"Tumekuwa wa kwanza!" Chiriku alipiga makofi.

"Wa kwanza wapi?" Dada alimkatiza. "Haya si mashindano. Jumamosi tunatoa matokeo chuoni, na watu wa idara ya maji watakuwepo. Wameahidi kubadilisha mabomba ya mitaa yenye maji machafu. Kwa matokeo haya, mtaa wetu watauruka."

Chiriku alishusha mikono taratibu.

"Mimi kuna kitu hakinikai sawa," Bwana Maswali alisema. "Muuguzi wa zahanati ameniambia watoto wa mtaa huu ndio wanaougua tumbo zaidi. Halafu watu wa nyumba mbalimbali wananijibu kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Watu hawaongei hivyo. Hata mapacha hawaongei hivyo."

"Sahani hazidanganyi," Dada alisema kwa ukali kidogo.

"Hazidanganyi. Lakini zinajua kile tu ulichozipa."

Wakati huohuo Mama alitoka chumbani amembeba kitinda mimba mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka, hata kulia kwake kulikuwa kwa taabu. "Nampeleka zahanati," Mama alisema. "Leo amezidiwa." Akatoka mbio mbio.

Chiriku aliogopa kama hajawahi kuogopa. Akilini aliona bomba jipya likipita mbali, likienda mitaa mingine, na mdogo wake akibaki na tumbo lake. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno, siku hiyo alilitafuta.

"Dada," alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliwaambia wachemshe maji. Na yale majibu niliwafundisha mimi. Nilitaka mtaa wetu ufaulu."

Dada alisimama. "Chiriku! Unajua nimehangaikia kazi hii tangu lini?"

"Najua. Nisamehe, dada yangu."

Dada alikwenda dirishani akatazama nje. Bwana Maswali akaingilia kati. "Tusimtwishe mtoto mzigo wote. Tulimtuma kuomba ruhusa bila kumwambia aseme nini na asiseme nini. Hapo tulizembea sisi."

Dada alimpigia simu profesa wao, mama mmoja mwenye sauti nzito iliyosikika hadi kwenye kochi. "Matokeo hayo msiyatumie," Profesa alisema. "Pimeni upya. Na siku ya Jumamosi kosa hilo mliseme mbele ya watu."

"Watanicheka, Profesa."

"Waache wacheke. Kazi yako si kupendeza, ni kusema kilichopo."

Simu ilipokatwa, Chiriku alifuta machozi kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyewapamba, mimi nitawapambua," alisema. Dada alijizuia kucheka, akashindwa.

Kesho yake baada ya shule walianza upya, Chiriku mbele. Haikuwa kazi rahisi. Mama Pacha alishika kiuno.

"Yaani nimpe mgeni maji ya ndoo? Msomi mzima? Mimi sikulelewa hivyo!"

"Dada hayanywi, Mama Pacha. Anayapima tu."

"Hata kama. Watu watasemaje?"

Chiriku alivuta pumzi. "Mapacha wako wanakunywa maji gani?"

Mama Pacha akageuka. Mapacha walikuwa wamekaa kizingitini, wamekonda, wakimtazama mama yao.

"Basi tunataka hayo hayo," Chiriku alisema taratibu. "Nilikudanganya nilipokwambia mtaa utaaibika. Hakuna anayefaulu wala kufeli hapa. Tunataka kujua nini kinaingia tumboni mwa watoto."

Mama Pacha alimtazama, kisha akaingia ndani. Alirudi na kikombe cha plastiki alichochotea maji moja kwa moja kwenye ndoo. "Kuni hazitoshi kuchemsha kila siku," alimwambia Bwana Maswali, safari hii kwa maneno yake mwenyewe. "Na mvua ikinyesha, maji haya yananuka. Huwa naziba pua nikiwapa wanangu."

Bwana Maswali aliacha kuandika. "Mvua ikinyesha tu?"

"Mvua ikinyesha."

Nyumba iliyofuata ilisema hivyo, na nyingine pia. Hata fundi viatu, alipoachiliwa aseme atakavyo, alisema maji ya siku za mvua yana harufu ya mtaro. Basi Dada akajaza chupa nyingine kwenye bomba la mtaa, kisha wote watatu wakaufuata mpira mkubwa wa maji kwa macho na kwa miguu, nyuma ya nyumba, hadi ulipokatiza ndani ya mtaro wa maji machafu. Hapo ulikuwa umepasuka. Mtaro ukijaa, uchafu uliingia ndani, na usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha.

Safari hii sahani ziliota madoa kuliko za mitaa yote.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa wanafunzi na tafiti zao. Kulikuwa na waliopima rutuba ya udongo, waliochunguza nyuki, na waliouliza kwa nini watoto wengine huacha shule mapema. Dada alipopanda jukwaani, alianza na kosa. Alieleza kwamba mara ya kwanza walipewa maji ya wageni na majibu ya kukariri, na matokeo yote ya mtaa huo yakawa bure. Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko. Chiriku, aliyekaa mstari wa mbele na Mama aliyempakata kitinda mimba, sasa amepata nafuu, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bwana wa idara ya maji aliinua mkono. "Kama mlikosea mara ya kwanza, kwa nini tuyaamini matokeo ya pili?"

"Kwa sababu nimekueleza ya kwanza," Dada alijibu. "Ningetaka kukuficha, ungeona sahani safi tu. Na usiniamini mimi, bwana. Twende mtaroni ukaone mpasuko kwa macho yako."

Bwana wa maji alicheka kidogo yeye sasa, lakini kwa namna nyingine, akasema wataondoka wote baada ya kikao.

Profesa alimwita Chiriku pembeni. "Wewe ndiye uliyewafundisha watu kujibu?"

"Ndiyo, Profesa. Nilikosea."

"Ulikosea, na ukasema mapema. Ungekaa kimya mpaka leo, bomba lingekwenda kwingine. Mtihani humpima mtu, mwanangu, kwa hiyo mtu hujiandaa. Utafiti hulipima jambo, na jambo likiandaliwa halijulikani tena. Kumbuka hilo siku ukiwa mwanafunzi wangu."

Mafundi walikuja wakafukua, wakaupandisha mpira mpya juu ya mtaro, mbali na uchafu. Majuma yakapita na mvua zikanyesha. Zahanati ilianza kumsahau kitinda mimba, naye akawa wa kukimbizwa nyumba nzima ili avae viatu.

Jioni moja alimwendea Mama kwenye cherehani, jasho likimtoka kwa michezo. "Mama, maji."

Mama alimpa kikombe, naye akanywa hadi tone la mwisho, akakimbia tena nje. Chiriku alikuwa akimwangalia.

"Umemwona?" Mama alimuuliza. "Ulipotaka tuonekane wazuri, huyu aliendelea kuumwa. Ulipokubali tuonekane tulivyo, amepona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiupenda mtaa wako, mwanangu, useme kweli."