Masomo Yaliyobaki ya Ustadh Mbarak

Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikuwa na kazi moja, kuwasha kompyuta ya baba. Niliiwasha mapema, mama akiwa bado kwenye msala, kwa sababu ilikuwa kuukuu na ilichukua muda mrefu kuamka. Mama akimaliza, alikuja kukaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, nami nikabonyeza somo moja. Hapo sauti ya baba ilijaa chumbani kana kwamba yuko jikoni anasubiri chai.

Baba, Ustadh Mbarak, alikuwa karani bandarini mchana, na jioni alisomesha watoto wa chuo cha Kurani hapa kwetu Junda, bila kutoza ada. Figo zilipomlaza hakutaka wanafunzi wake wakae bure. Alijirekodi kitandani, somo baada ya somo, akikohoa, akinywa maji, akiendelea. Alifikisha masomo thelathini na mawili. La thelathini na tatu hakuliwahi.

Mama alikuwa katika eda. Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajitii manukato, hapaki hina, wala wanaume wasio ndugu zake wa karibu hawaingii kukaa naye. Siku zake zilikuwa ndefu mno. Ile nusu saa ya sauti ya baba ndiyo iliyomwezesha kula chakula cha jioni. Nasema haya ili ujue ni kitu gani nilichokiharibu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa ofisini. Aliyemuuzia baba alikuwa ametia ndani mfumo wa uendeshaji wa kulipia bila kuulipia, na baba aligundua hilo akiwa tayari mgonjwa. Skrini ilijaa maandishi ya kuonya kwamba mfumo haukuwa halali, na kila saa moja ikipita kompyuta ilijizima yenyewe. Mara nyingi ilimkata baba katikati ya neno. Mama alisema tu, "Basi, kesho inshallah," kisha akageukia ukutani. Nilichukia kumwona hivyo.

Nilimwomba ruhusa niipeleke kwa fundi. Alikataa kabisa. Alisema sauti ya marehemu haitatoka mlangoni mpaka eda iishe, hata kwenye flashi. Kwa hiyo masomo yote thelathini na mawili yalikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta mbovu.

Darasani nilikaa dawati moja na Fidel, mvulana mcheshi asiyekosa jibu la jambo lolote. Nilipomweleza shida yangu alisema ana programu ya kuvunja kufuli la mfumo wowote wa kulipia. Ilikuwa kwenye flashi aliyopewa na binamu yake. Nilijua ni kitu cha wizi. Nilikuwa nimekaa mbele ya baba mara ngapi nikimsikiliza akifundisha kuhusu kuchukua kisicho chako? Lakini nilijiambia kwamba namfanyia mama, na mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Ijumaa nilitoka shule mbio, nikaichomeka ile flashi. Programu ilinitaka kwanza nizime kinga ya virusi. Nikazima. Fikiria mgeni usiyemjua anakuambia umfunge mbwa wako kabla hajaingia, nawe unamfunga. Baada ya dakika chache yale maandishi ya onyo yalitoweka, nami nikafurahi.

Furaha haikufika mbali. Nilifungua picha za harusi ya mama na baba, zikakataa kufunguka. Majina yake yalikuwa yamebadilika, kila moja limeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka. Katikati ya skrini palikuwa na ujumbe wa Kiingereza uliodai dola ili vilivyofungwa vifunguliwe. Niliufunga ujumbe ule, nikazima kompyuta. Mama alipokuja kukaa mkekani nilimwambia imegoma kufanya kazi. Alinyanyuka, akarudi chumbani.

Jumamosi asubuhi aliniita.

"Wardah."

"Abee, mama."

Alikuwa na habari njema. Jirani yetu Mwanatabu alimtajia fundi mwanamke, Margret, mtu wa bara mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko. Kwa kuwa ni mwanamke angeweza kuingia ndani, na kompyuta haingehitaji kutoka. Alikuwa njiani. Mama alisema alhamdulillahi.

Anti Margret aliingia na mkoba mweusi begani, akavua viatu mlangoni, akampa mama pole ya msiba kwa heshima. Nilimwamkia shikamoo. Aliketi mbele ya kompyuta, akaiwasha; ule ujumbe haukutokea tena, akaona tu inavyokwenda kwa kujikokota. Kisha akanigeukia mimi, maana mama alikuwa amemwambia kwamba mwenye kuitumia ni mimi.

"Hii shida ilianza aje? Kuna kitu uliweka ndani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Ningeweza kusema. Ningeaibika, ningegombezwa, na yangekwisha.

"Stima ilipotea ikiwa imewaka," nilisema. "Iliporudi ikawa hivi."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mtaani kwetu stima hupotea watu wakipiga pasi, wakipika, wakiangalia mpira. Anti Margret alieleza kwamba stima ikikatika ghafla diski huweza kuharibika, na dawa yake ni kuiacha ijikague polepole. Aliuanzisha ukaguzi huo, akasema utachukua saa nyingi. Alikuwa na mteja mwingine na angerudi saa saba.

"Lakini msizime hata kidogo," alituonya. "Ikizimwa saa hii ndiyo itakufa kabisa."

Alipoondoka mama alinikalisha pale nilinde kompyuta mtu asije akagusa waya. Nikabaki mimi na skrini. Nilifungua folda ya baba ili nijitulize kwamba masomo yapo. Yalikuwepo, yamejipanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Nikiwa naangalia, jina la somo la kwanza likabadilika. Likaota mkia.

Nilidhani nimeona vibaya. Baada ya dakika kadhaa likabadilika la pili. Kompyuta ilikuwa nzito, na masomo ni marefu, kwa hiyo kile kidudu kilichoingia na flashi ya Fidel kilikuwa kikiyala taratibu, moja moja, na mimi nimeketi mbele yake nikihesabu. Nikizima, Anti Margret alikuwa amesema itakufa. Nisipozima, nilijua kinachotokea. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa ugonjwa nilioutaja mimi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingine, na niliyeujua nilikuwa peke yangu.

Somo la tano lilikwenda. Ndani yake baba anasita katikati ya aya na kusema, "Wardah, mwanangu, funga mlango, upepo." Nilijaribu kulifungua likakataa. Nikalia, lakini bado sikusema. Likaenda la sita, la tisa, la kumi na mbili. Mama alipita mara mbili, akaniuliza kama inaendelea vizuri, nami nikamjibu ndiyo. Hata leo nikikumbuka ile ndiyo ya pili naona haya.

Lilipobadilika la kumi na tisa niliinuka. Mama alikuwa jikoni akichambua mchele.

"Mama, si stima," nilisema. "Mimi nilitia kitu. Kinamla baba."

Hakuelewa mara moja, lakini aliuona uso wangu. Akachukua simu, akampigia Anti Margret, akanishikisha mimi. Nilieleza kila kitu, flashi, kinga niliyoizima, mikia kwenye majina. Anti Margret alijibu papo hapo.

"Ng'oa waya ukutani. Saa hii. Usingoje chochote."

Nikang'oa. Skrini ikawa nyeusi.

Anti Margret alirudi bila kumaliza kazi ya mteja wake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alitoa flashi ya kwake, akanieleza kwamba ndani yake kuna mfumo mzima wa uendeshaji unaoitwa Linux, unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuuamsha ule ulioambukizwa. Kwa njia hiyo tungechungulia diski kidudu kikiwa kimelala. Kompyuta ikawaka, ikiwa na sura nyingine, tulivu, isiyo na onyo lolote. Akafungua folda ya baba.

Masomo kumi na tisa yalikuwa yamefungwa. Kumi na matatu yalikuwa salama. Aliyanakili kwenye diski ndogo ya nje, akayafungua moja moja kuhakikisha. Sauti ya baba ikatoka, kuanzia somo la ishirini. Mama alishika mlango.

"Na hayo mengine?" aliuliza.

"Nitayahifadhi hivyo yalivyo, pengine siku moja ufunguo utapatikana. Lakini sitakudanganya, dadangu. Usiweke tumaini. Wengi hawapati." Anti Margret akaongeza kwa sauti ya chini, "Ningejua asubuhi, singeiacha ikiwaka hata dakika moja. Karibu yote yangepona."

Hakusema hivyo kuniumiza. Alikuwa anamjibu mama, na ilimpasa aseme ukweli. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Baadaye ilibidi diski isafishwe yote na tuamue kompyuta ikae na mfumo gani. Anti Margret alituambia tunaweza kununua kibali cha mfumo wa kulipia, ambacho bei yake ilikaribia bei ya kompyuta yenyewe. Au tubaki na huu alioutumia kuokoa masomo, aina nyepesi inayofaa mashine kuukuu, na hatutalipa hata senti. Mama alikunja uso.

"Nambia kweli, dadangu. Hicho cha bure si cha kuibwa tena?"

"Hapana. Waliouandika waliamua wenyewe. Wameuacha wazi, hata jinsi ulivyoandikwa mtu anaweza kusoma. Unaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha, kumpa jirani. Ni kama vile mzee wako alikuwa anasomesha hao watoto. Hakuna mtu aliiba masomo yake, aliwapa."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Anti Margret alituambia pia upande wa pili, kwamba michezo mingine haitakubali, kwamba nitalazimika kujifunza vitu vingi upya, na kwamba hata mfumo huu hauwezi kumlinda mtu anayechomeka kila flashi anayookota. Mama alichagua ule wa bure. Alisema afadhali tujifunze upya kuliko kusikiliza mambo ya dini juu ya kitu cha wizi. Kazi ilikwisha kabla ya alasiri. Kompyuta haikujizima tena, siku ile wala siku zilizofuata.

Jioni mama aliniita nikae naye mkekani.

"Jana ulikosea, lakini ulitaka kunifurahisha, na hilo n'nakusamehe. Mimi pia nilikosea. Nilimfungia babako humu ndani kama kwamba ni wangu peke yangu. Lau watoto wa chuo wangalikuwa na nakala, leo hatungalilia." Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Lakini asubuhi uliulizwa swali moja, Wardah. Fundi hatibu asichoambiwa. Daktari ni hivyo hivyo, na mzazi ni hivyo hivyo. Ulificha ili usiaibike, na kila dakika uliyoficha babako alikwenda kidogo. Kosa lilitaka kutengenezwa. Uongo ndio uliozuia. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, mama."

"Wallahi sitalirudia neno hili. Lakini kuna kazi nakupa."

Alinitolea flashi mpya ambayo Anti Margret alikuwa ameitilia masomo kumi na matatu. Jumatatu nilitakiwa kuipeleka chuoni, ili watoto wa baba wasikilize kama alivyokusudia mwenyewe.

"Watakuuliza masomo ya mwanzo yako wapi," mama alisema. "Usiwaambie stima."

Jumatatu jioni nilisimama mbele ya watoto arobaini na kitu, wengi wao wadogo kuliko mimi, wameketi juu ya majamvi mahali baba alipokuwa akiwasomesha. Mwalimu mpya alibonyeza somo la ishirini. Waliposikia sauti ile wengine walitabasamu, na mmoja akaanza kulia. Kisha msichana mdogo wa mstari wa mbele akanyoosha kidole, akauliza kwa nini Ustadh ameanzia katikati.

Nikawaambia.