Kadi Tano za Miwani

Nilimkuta anachana kadi zangu... Jamani, moja baada ya nyingine!

Ngoja niwaeleze. Mimi na rafiki yangu, tunamwita Miwani, tulikuwa tunaandaa kamusi. Dawati moja, miaka sita, kama chanda na pete. Mimi nilipewa neno "board" la Kiingereza, lililotuzalia "bodi" yetu. Neno lile ni kinyonga. Lilianza kama ubao tu. Ubao ukawa meza, meza ikawa chakula anachopewa mpangaji, mwisho hata wakubwa wanaokaa mezani kuamua mambo wakaitwa hivyohivyo.

Kila maana ina kadi yake, na kila kadi lazima iwe na mfano kutoka kitabu cha kweli, na ukurasa wake. Siku ile nilipomkuta, mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Nikifaulu, napata ajira ya kudumu.

"Shosti, unafanya nini?"

"Nenda nyumbani. Tutaongea kesho."

"Unachana kazi yangu?"

Akachukua nyingine, akaichana.

Nikapanda ngazi mbio hadi kwa mhariri mkuu. Miwani akaitwa.

"Ni kweli umezichana?"

"Ni kweli, mzee."

"Kwa nini?"

Akanitazama... hakujibu. Akafukuzwa jioni ileile. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake mkaguzi akanipa mkono mbele ya mhariri mkuu.

"Hizi kadi tano za "board" zimenifurahisha. Vitabu vyote nimevifungua, kurasa zipo."

Kurasa zipo? Zile tano nilizitunga, ndugu zangu. Mama alikuwa amelazwa, natoka wodini naingia ofisini, nikaandika mifano ya kichwani na kurasa za uongo.

Nikazichukua. Mwandiko ni wa Miwani. Alikuwa ametafuta mifano ya kweli, akaiandika kwenye kadi mpya, chini akaweka jina langu, akazipanga mahali pa zile zangu. Alizochana ni zile za uongo. Angefungua mdomo juu kule, ningefukuzwa mimi.

Nikakiri palepale. Miwani akarudishwa, mimi nikatolewa.

Jioni nikaenda kwake, njia nzima napanga maneno ya kuomba radhi. Akafungua mlango, akaniangalia weee...

"Mama anaendeleaje?"

Nililia hadi majirani wakachungulia.

Msomaji wangu, kabla hujapanda ngazi kumshtaki mtu, hakikisha anachoficha si aibu yako.